Mtandao Umekatikia Wapi?

Assalaam alaykum, walimu wangu. Nashukuru kwa kuniita, na nashukuru zaidi kwamba leo umeme upo.

Nianze na hii hapa mezani. Ni kompyuta mpakato, nimeifungua mgongo. Maalim mmoja aliniletea akaniambia, "Fundi, mtandao umekufa." Ilikwishapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alifuta kila kitu akaweka Windows upya, na picha za harusi ya bintiye zikaenda na maji. Wa pili akamwambia anunue ruta mpya, naye akanunua. Mimi nilimuuliza swali moja tu: "Simu yako, ukiwa umekaa pale pale, kwenye Wi-Fi ile ile, inafungua?" Akanijibu, "Simu haina shida hata kidogo." Basi, ile ruta mpya ilikuwa pesa iliyotupwa baharini. Ubaya ulikuwa ndani ya kompyuta, na kabla sijamaliza nitakuonyesheni ulipokuwa umejificha.

Sisi wote husema "mtandao hakuna", ukadhani ni maradhi mamoja. Njia ina vipande vitatu. Kutoka kompyuta hadi ruta ni mawimbi ya hewani. Kutoka ruta hadi kwa kampuni inayokuuzia huduma ni mnara au waya. Kutoka hapo hadi duniani huko, kwa sehemu kubwa, ni nyaya zilizolala chini ya bahari. Vile vijipau vya Wi-Fi pembeni mwa kioo hukupa habari za kipande cha kwanza peke yake. Ni kama mfereji wa jikoni: upo, unang'aa, unazungusha vizuri, lakini hilo halikuhakikishii kuwa maji yametoka.

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za baharini ziliharibika, mtandao ukazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku ile vijipau vilikuwa vimejaa kila nyumba. Jumatatu yake nililetewa kompyuta tatu "mbovu". Nikazirudisha kama zilivyokuja, na mwenye moja akanuna kwa kuwa sikumfanyia kitu!

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni simu. Iunge kwenye Wi-Fi ile ile, uzime data ya simu, ujaribu. Zima data kwelikweli. Wengi wanasahau, simu inapitia kwenye bando lake nao wanadhani ni Wi-Fi. Simu ikikwama pia, iache kompyuta yako kwa amani. Angalia bando la ruta kama halijaisha, zima ruta nusu dakika, washa, subiri dakika mbili. Simu ikipita na kompyuta ikagoma, sasa tuna kazi.

Hebu tuifanye pamoja. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, gonga Enter. Kinatokea kidirisha cheusi. Kisikutishe. Andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4, ndiyo anwani ya kompyuta yako, ulio chini ya jina la Wi-Fi. Ukiona namba inayoanza na 192.168, au 10, kwa kawaida ruta imekupokea na kukupa anwani. Ukiona 169.254, hapo kuna jambo. Kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba na kukosa wa kumjibu, kama mgeni aliyefika hotelini usiku, hakukuta mtu mapokezi, akajichagulia chumba. Kulala analala, lakini chakula hapelekewi, maana hakuna anayejua kama yupo.

Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Isipokubali, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, iambie kompyuta iusahau mtandao huo, kisha ujiunge upya kwa neno la siri. Na kwa nyinyi wa chumba cha walimu, hesabuni vifaa. Ruta ndogo za mfukoni zina kikomo cha vifaa vinavyoweza kuingia kwa wakati mmoja. Walimu kumi na tano, kila mtu na simu yake, wengine na kompyuta juu yake. Anayechelewa kufika kazini ndiye anayekosa mtandao, halafu analaumu kompyuta.

Anwani ikiwa nzuri, rudi kwenye kidirisha. Pale pale kwenye ipconfig kuna namba iliyoandikwa Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta yenyewe. Andika ping, ambayo ni amri ya kubisha hodi, acha nafasi, weka namba hiyo. Ikijibu, kipande cha kwanza kizima. Halafu ping 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google iliyo nje huko. Ikijibu, na njia ya nje ni nzima. Mwisho ping jina la tovuti, kama google.com. Namba ikijibu na jina likagoma, basi mtandao unao, kilichopotea ni daftari la majina, liitwalo DNS, lile linalogeuza jina la tovuti kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns, na likiendelea kusumbua, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye sehemu ya DNS. Hii nimeona watu wakibadilishiwa kompyuta nzima kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye mawimbi, maana hapa Mji Mkongwe tuna balaa letu wenyewe. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Waliozijenga walikuwa wanazuia joto. Wi-Fi haikuwa imezaliwa. Ruta nyingi za leo zinatoa masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Ya 5 ina kasi zaidi lakini ukuta huiangusha upesi. Ya 2.4 inapenya vizuri zaidi, ila imejaa majirani, na tanuri la maikrowevu nalo linafanya kazi kwenye masafa hayo hayo. Ukiwa chumba cha ndani, chagua 2.4. Ukiwa ukumbini karibu na ruta, chagua 5. Na ruta yenyewe itoe nyuma ya friji, iweke juu, mahali pa wazi. Kioo cha kujitazamia nacho kina madini mgongoni, usiiweke nyuma yake.

Kuna kesi moja inayowachanganya hata mafundi. Mtandao unaonekana kwenye kila simu, kwenye kompyuta haumo hata kwenye orodha. Kama ni hotspoti ya simu, huenda simu inatangaza kwa GHz 5 na kompyuta ni ya zamani, inasikia 2.4 peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, ubadilishe. Kama ni ruta, tazama iko chaneli ya ngapi, yaani kijinjia gani ndani ya masafa ya 2.4. Kompyuta zetu nyingi ni za mtumba, na zilizotengenezewa soko la Marekani mara nyingi zinaishia chaneli ya 11. Ruta ikijiweka kwenye ya 12 au ya 13, kwao ni kama haipo. Irudishe kwenye 1, 6 au 11.

Saa nayo msiisahau. Kompyuta ikikaa muda mrefu bila chaji na betri yake ndogo ya ndani ikafa, inarudi miaka ya nyuma. Wi-Fi imeunga, ping inajibu, lakini kila tovuti inakwambia si salama, kwa sababu vyeti vya tovuti vina tarehe. Rekebisha saa, yote yanafunguka.

Haya, maalim wetu. Sogeeni karibu. Kompyuta hii iliwahi kubadilishwa kioo. Antena za Wi-Fi hazikai huku chini kwenye kibodi. Ziko juu, pembeni mwa kioo, na nyaya zake mbili nyembamba, moja nyeusi na moja nyeupe, zinashuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi hii ndogo. Aliyebadilisha kioo alizichomoa, akasahau kuzirudisha. Zilikuwa zimelala hapa, chini ya feni. Kabla sijazigusa niliandika netsh wlan show interfaces. Mita mbili kutoka kwenye ruta, nguvu ilikuwa asilimia 22. Kichwa cha waya ni kidogo kama cha pini. Unakiweka juu ya kitundu chake, unakandamiza kwa ukucha, kinalia "tk". Sikieni... umeusikia? Na cha pili. Baada ya hapo ilisoma 91.

Naam, mwalimu wa nyuma? Ya kwako kitufe cha Wi-Fi chenyewe kimetoweka? Kwanza tazama hali ya ndege, ile inayozima mawasiliano, na kama ubavuni kuna swichi ndogo, watoto wanaipenda. Halafu usiizime kwa kawaida, ichague iwake upya. Windows ukiizima inaweza kulala na sehemu ya kumbukumbu yake, ikaamka na ubaya ule ule. Ukichagua kuwasha upya ndipo inaanza kweli. Ikishindikana, izime, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika.

Umeshafanya yote hayo? Ilete hapa mbele, tuifungue. Na chaja yake, tafadhali.