Kurekodi bila sauti kuchelewa: kuweka kerneli ya muda halisi kwenye Debian

Jambo yenu nyote, wa hapa Lubumbashi na wa mbali. Leo kwenye video hii tunaandaa kompyuta ya Linux, ile aina ya Debian, kwa kazi ya kurekodi. Nawalenga hasa mnaorekodi kwaya na magitaa nyumbani, kwenye komuni zetu za Kenya, Katuba na Kampemba, kwa laptopu ya kawaida na kadi ndogo ya sauti ya USB. Mpiga gitaa wa kwetu hupiga kwa vidole viwili: gumba linashika besi, cha shahada kinaimba juu. Akijisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, mkono unapotea na wimbo unaharibika.

Kabla ya kugusa chochote tuelewane. Kerneli ni kiini cha Linux, ndicho kinachogawa zamu za prosesa kwa kila programu. Ile ya muda halisi haiongezi kasi ya kompyuta, na kazi nyingine zinaweza hata kwenda polepole kidogo. Faida yake ni kutunza saa. Kazi ya sauti ikidai zamu yake, karibu kila kitu kingine ndani ya kerneli kinaweza kusimamishwa ili ipite. Mabadiliko haya yalitengenezwa pembeni kwa takriban miaka 20, yakaingizwa rasmi kwenye Linux 6.12, iliyotoka Novemba 2024. Debian 13 inatumia toleo hilo hilo, ndiyo maana nimeichagua.

Tunaanza na ruhusa, maana bila ruhusa kerneli mpya haitakusaidia kitu. Fungua terminali, andika:

sudo usermod -aG audio $USER

Kisha tengeneza faili hili:

sudo nano /etc/security/limits.d/audio.conf

Ndani yake weka mistari hii miwili:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

Wa kwanza unaruhusu programu za sauti kuomba kipaumbele cha juu. Wa pili unazuia kumbukumbu zao zisihamishiwe kwenye diski katikati ya kurekodi. Hifadhi, toka kwenye akaunti yako, ingia tena. Usiruke hapo: ruhusa hazianzi kazi mpaka uingie upya.

Sasa tupime kwa kerneli uliyo nayo, tukitumia amri za PipeWire, mfumo unaopitisha sauti kwenye kompyuta. Andika:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128

Hiyo 128 ni idadi ya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, zinazoshughulikiwa kwa mkupuo mmoja. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 2.7. Kwa 1024 ingekuwa 21, na safari ya kuingia na kutoka inaongeza tena. Fungua Ardour, programu ya kurekodi, anza kurekodi, halafu kwenye terminali nyingine andika pw-top. Angalieni safu ya ERR, hapa ninapoonyesha kwa kishale. Kila namba hiyo inapopanda, sauti imekatika mahali, na mkatiko huo utausikia kama "tik" kwenye wimbo. Mwache mtu apige gitaa wimbo mzima. ERR ikibaki palepale, kwa kweli huhitaji kuendelea na video hii. Rekodi kazi yako.

Ikipanda, tuendelee:

sudo apt install linux-image-rt-amd64

Apt inakuonyesha ukubwa wa kupakua kabla ya kukuuliza kama ikubali. Usome kwanza, megabaiti zetu tunazinunua. Na hakikisha betri imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kuweka kerneli ni taabu.

Washa upya kompyuta. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapoanza kuwaka, ingia "Advanced options", chagua mstari wenye herufi rt. Kerneli ya zamani ibaki hapo hapo, usiifute: mpya ikigoma, utarudi kwayo. Ikiwaka, andika uname -v. Ukiona PREEMPT_RT, umefika.

Wenye kadi ya picha ya Nvidia na dereva wake wa kampuni, angalizo: dereva huyo anaweza kukataa kerneli hii. Ninyi bakini na kerneli ya kawaida, mwongeze maneno preempt=full threadirqs kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha sudo update-grub. Inasaidia sana.

Bado kitu kimoja kinachowasumbua wengi hapa kwetu. Umeme ukiondoka, laptopu inahamia kwenye betri na kupunguza kasi ya prosesa, ndipo mikatiko inarudi hata kwenye kerneli nzuri. Weka linux-cpupower, na kabla ya kurekodi andika:

sudo cpupower frequency-set -g performance

Zima na Wi-Fi. Pima tena kwa 128, kisha jaribu 64 ukitaka.

Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya sauti, panda hadi 1024. Hapo hakuna anayejisikiliza, na prosesa inapata nafasi ya kubeba athari zote za sauti unazoweka, kama mwangwi. Kurudisha mpangilio wa mwanzo, andika amri ile ile ya pw-metadata na sifuri mwishoni badala ya 128.