Roddick Hahitaji Pole Yetu

Walimu wangu wa michezo, wenyeji wa Mtwara na nyinyi mliotoka Lindi asubuhi hii, wakubwa shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie mchezaji wa tenisi anayependwa kwa sababu ya kushindwa. Wengi wenu mnajua nitasema nini, maana nalisema kila tukikutana. Nitalisema tena, kwa kuwa bado watu wanaendelea: "Masikini Andy Roddick, kazaliwa zama mbaya." Masikini kwa lipi? Ametwaa US Open, mashindano makubwa ya Marekani, mwaka 2003, akawa namba moja duniani mwaka huohuo. Mwaka 2004 alipiga servisi, yaani mpira wa kuanzisha pointi, ya zaidi ya kilomita 249 kwa saa. Huyo ndiye masikini?

Habari za Roger Federer, yule bingwa wa Uswisi, mnazo, sipotezi muda. Walikutana mara 24, Roddick akashinda 3. Fainali nne kubwa kapoteza kwake: Wimbledon, yale mashindano ya nyasi ya Uingereza, 2004, 2005 na 2009, na US Open 2006. Mimi nataka hiyo ya 2009, na ndani yake nataka mpira mmoja.

Anayefikisha seti tatu ndiye mshindi. Roddick ameshachukua seti ya kwanza kwa gemu 7-5. Ya pili imefika 6-6 na kuingia taibreki, gemu ya kuamua seti ambayo wa kufika pointi saba kwa tofauti ya mbili huichukua, naye anaongoza 6-2. Ana pointi nne za kumaliza seti: mbili anaanzisha mwenyewe, mbili anaanzisha Federer. Ya kwanza, ya servisi yake, inaponyoka. Mbili za Federer, Federer anazichukua. Sasa ni 6-5, Roddick anaanzisha tena. Anapanda wavuni, Federer anaubetua mpira juu, unakuja upande wa bekihendi, yaani wa nyuma ya mkono. Roddick anaupiga voli, kabla haujadunda, unatoka nje kwa pembeni. Taibreki ikaisha 8-6 kwa Federer. Badala ya seti mbili kwa bila, ikawa seti moja kila upande.

Hapo ndipo watu wanaposhika vichwa na kusema bahati mbaya. Walimu, hebu tuutazame ule mpira. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mgongoni kwa Federer. Roddick mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwanzoni alidhani mpira unatoka, akataka kuuacha, kisha akauona unashuka, na raketi haikuwahi kuzunguka. Kosa la mkono lilitanguliwa na kosa la uamuzi, na uamuzi ulichelewa kwa sababu ya upepo. Nyinyi mnaofundisha Shangani wakati wa kusi mnanielewa vizuri kuliko watu wa Dar.

Na voli ya bekihendi ya juu ni ngumu hata bila upepo. Mkono unavuka kifua na kupanda juu ya bega, mahali ambapo hauna nguvu. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni bega: ligeuze mpaka mgongo uanze kuuangalia wavu. Raketi iwe juu tayari kabla mpira haujafika. Kifundo kikaze, usiuchape, usukume tu, na ukutane nao mbele ya mwili. Miguu ipige hatua fupifupi, kwa sababu mpira wa upepo haushuki pale ulipoahidi. Ukichelewa nusu hatua, uso wa raketi unabaki wazi na mpira unakwenda pembeni. Ndivyo ulivyokwenda ule. Wafundisheni watoto hivi: mmoja arushe mipira kwa mkono kutoka upande wa upepo, mwingine apaze sauti "naupiga" au "nauacha" kabla mpira haujavuka wavu. Akishasema, haruhusiwi kubadili. Kwanza zoezeni sauti, kisha ndiyo mumpe raketi.

Sasa kuna anayetaka kuniambia, "Mwalimu, lakini bila Federer angekuwa na Wimbledon tatu." Hapana. Mwaka 2006 alitolewa Wimbledon raundi ya tatu na Andy Murray. Mwaka 2007, robo fainali, aliongoza seti mbili kwa bila na Richard Gasquet akampindua. Mwaka 2008 Janko Tipsarević alimtoa raundi ya pili. Kote huko Federer hakuwepo upande wa pili wa wavu. Anayemwondoa Federer kwenye hesabu anawaondoa vipi hawa?

Tena Roddick wa 2009 asingekuwepo kama si Federer. Alibadili kocha, akamchukua Larry Stefanki, akapunguza uzito, bekihendi yake ikaacha kuwa ya kujiokoa tu. Servisi peke yake ilikuwa haimtoshi, kwa sababu Federer hakuwa anaivutia raketi nyuma. Alikuwa anaukinga mpira kwa mkono mfupi, unarudi chini chini kwenye nyasi, na Roddick analazimika kuinama. Mtu aliyefungwa hivyo miaka mitano akarudi na mchezo mpya, mnamletea pole?

Namungo ilipofungwa 2-1 na Simba fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020, sisi wa kusini tulikaa tukabishana nani alimwacha nani. Hiyo ndiyo heshima. Ubishani unamaanisha tuliiona timu ikicheza.

Seti ya tano niiguse tu, muda unakwenda. Iliisha 16-14 kwa Federer, kwani wakati ule Wimbledon haikuwa na taibreki ya seti ya mwisho. Federer ndiye aliyeanza kuanzisha, kwa sababu seti ya nne iliisha kwenye servisi ya Roddick. Kwa hiyo kuanzia 4-5 Roddick alianzisha mara 11, kila mara akijua akivunjwa, yaani akipoteza gemu anayoanzisha yeye, basi. Mara 10 alishikilia. Na 8-8 alipata pointi mbili za kumvunja Federer, hazikuingia. Gemu ya 77 ya mechi nzima ndiyo pekee aliyovunjwa. Federer alipiga servisi 50 zisizoguswa, na bado ilibidi angoje mpaka gemu hiyo!

Murray nilitaka nimzungumze kwa kirefu. Fainali kubwa 11, kashinda 3, zile 8 zote kapoteza kwa Federer na Novak Djokovic, tano zikiwa Australia peke yake. Lakini alifika namba moja Novemba 2016, kwa hiyo wanaomlilia wamechelewa. David Ferrer hakumfunga Federer hata mara moja katika mechi 17, na fainali yake pekee kubwa, Ufaransa 2013, alikutana na Rafael Nadal, mfalme wa viwanja vya udongo. Mwezi uliofuata alikuwa namba tatu duniani. Na huyo naye sitaki kusikia anaitwa masikini.

Karibuni kwa maswali. Anayetaka kuuliza kuhusu ile voli aje hapa mbele na raketi, tutatoka nje, upepo upo.