Mtoto Asiyekula Ngano katika Jiko la Unguja

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya ugonjwa wa seliaki kwa watoto. Nikitazama humu ndani naona mabibi ni wengi kuliko akina mama, na nimefurahi, maana chakula cha mtoto huyu mara nyingi huharibikia mikononi mwa bibi. Msinikasirikie, nitafika huko.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mtoto mwenye seliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo wake mwembamba. Ndani ya utumbo huo kumejaa vinyuzi vidogo mno, vimesimama kama manyoya ya zulia, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishalala, mtoto anakula lakini chakula kinapita tu. Tumbo linajaa, mikono na makalio yanakonda, choo kinakuwa kingi na chenye harufu kali. Wengine badala ya kuharisha hufunga choo. Wengine hawalalamiki tumbo kabisa: hawarefuki, au wana upungufu wa damu usiosikia dawa ya madini ya chuma. Ndiyo maana watoto hawa hupewa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, kisha ya minyoo tena, na mama anaambiwa hamlishi mwanawe.

Tena tuache kusema ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1999 kulichapishwa utafiti wa watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi, ukaonyesha kuwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa na seliaki. Ulaya ni karibu 1 katika 100. Wasaharawi ni Waafrika kama sisi, na chakula chao kikubwa siku hizi ni ngano. Kaskazini mwa India upo, Uarabuni upo, Afrika Kaskazini upo. Sasa nyinyi watu wa Unguja, kila mmoja na babu aliyeshuka kutoka jahazi lake, mnataka kuniambia ulishindwa kuvuka bahari?

Jambo moja nalisema kabla sijaingia jikoni. Ukimshuku mtoto, usimwondolee ngano kabla hajapimwa. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinatafuta kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, ambazo mwili huzitengeneza pale tu mtoto anapokula gluteni. Ukishaiacha kwa miezi, kingamwili zinashuka, kipimo kinatoka safi, na daktari anakwambia mtoto hana kitu. Utalazimika kumrudishia mkate ili apimwe upya, na kumrudishia mkate mtoto aliyeanza kunawiri ni mtihani mkubwa. Basi mwacheni ale kama kawaida, mpelekeni, damu itolewe. Daktari akiona haja, kamera itapitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo na kipande kidogo kitachukuliwa.

Jibu likitoka kuwa ndiyo, dawa ni chakula. Hakuna kidonge. Hilo lilijulikana kwa njia ya kusikitisha. Miaka ya 1920 daktari mmoja wa New York, Sidney Haas, alikuwa akiwatibu watoto hawa kwa ndizi, na walinawiri kweli, dunia ikaamini kwamba ndizi ina siri. Kumbe siri ilikuwa kwamba mtoto anayeshindia ndizi hali mkate. Aliyeligundua hilo vizuri ni Mholanzi, Willem Dicke, daktari wa watoto, aliyekuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Uholanzi ilipigwa na njaa, mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wenzao walidhoofika, wale wa seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi yakarudi nao. Mwaka 1950 Dicke akayaandika hayo katika tasnifu yake Utrecht.

Sasa jikoni. Wazazi wakitoka kliniki, wengi hukimbilia kwenye simu kutafuta mkate usio na gluteni. Wanaupata katika duka la wageni, kipande kidogo, kikavu, kwa bei ya kuku mzima. Mimi huwaambia, rudini nyumbani kwanza mtazame bibi yenu alikuwa akipika nini. Wali. Ugali wa mahindi au wa muhogo. Ndizi mbichi za nazi, magimbi, viazi vikuu, viazi vitamu. Maharage, choroko, mbaazi za nazi. Samaki, pweza, dagaa. Uji wa ulezi, na togwa pia, maana kimea chake ni cha ulezi au mtama. Futari ya Ramadhani ndiyo inayonifurahisha zaidi: muhogo wa nazi, ndizi, tende, vyote halali kwa mtoto huyu. Vya kuondoa mbele yake ni sambusa, kaimati, tambi na shurba. Na bokoboko, ambalo watu hulisahau kwa sababu likishapondwa na nyama halifanani tena na ngano.

Chakula basi kipo. Kazi ni ngano inayojificha, na huku kwetu inajificha mahali ambapo vitabu vya wenzetu havipataji.

Urojo, kwa mfano. Mnajua ule mchuzi wa manjano unakuwa mzito kwa nini? Unga wa ngano. Bajia ndani yake ni za dengu, viazi ni viazi, mama anaona hakuna mkate humo, anamnunulia mtoto bakuli. Nyumbani unaweza kuupika kwa unga wa dengu na hakuna atakayejua. Samaki wa kukaanga wa barabarani, wapo wanaompaka unga wa ngano ili asigande. Kababu hutiwa mkate. Chipsi ni viazi vitupu, lakini mafuta yale yale yamekaanga sambusa asubuhi. Halua, muulize mpishi ametumia wanga gani. Soseji, sosi ya soya, baadhi ya vidonge vya kuungia mchuzi, vinywaji vya unga vyenye kimea cha shayiri: soma pakiti, na ikiwa haisemi kitu, iache dukani.

Halafu kuna unga wa lishe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndio unaoniumiza kichwa. Mtoto kakonda, jirani anampa mama ushauri wa nia njema: msagie unga wa lishe. Humo mna mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, dagaa, na ngano. Mtoto mwenye seliaki anapewa uji huo asubuhi na jioni ili anenepe, anazidi kukonda, na mama anamzidishia. Hata ukisema mimi nitasaga ulezi mtupu, mashine ya mtaani imesaga ngano ya mtu aliyekutangulia, na unga wake umebaki ndani ya mashine. Nunua nafaka nzima, ipembue kwenye ungo kwa macho yako, punje za ngano zinaonekana, ioshe, ianike. Kisha isage nyumbani, kwa blenda au kinu ambacho hakijaguswa na ngano. Ikibidi mashine, omba uwe wa kwanza asubuhi baada ya kufagiliwa, na unga unaotangulia kutoka uwape kuku. Inapunguza, lakini haiondoi yote, kwa hiyo blenda ya nyumbani ni bora.

Mtaniuliza, kwani punje mbili tatu zina nini? Kiasi ambacho wengi wenye ugonjwa huu hukistahimili ni miligramu 10 za gluteni kwa siku. Utafiti wa Italia uliochapishwa 2007 uliwapa wagonjwa miligramu 50 kila siku kwa miezi 3, na utumbo ukaanza kuharibika. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kina zaidi ya miligramu 200. Na moto hauiui gluteni. Si kijidudu hicho, ukichemsha ikabaki pale pale. Ndiyo maana kile kibao cha chapati, na mwiko wa mti wenye nyufa, na chekeche la unga, mtoto huyu awe na vyake. Sufuria ya chuma ikisuguliwa vizuri inatosha. Siku ya chapati, chakula chake kipikwe kwanza, kifunikwe, ndipo unga upepetwe, kwa sababu vumbi lake linatua kila mahali.

Sasa mabibi. Niliwahi kuwa na familia moja, mama msafi, anasoma kila pakiti, lakini kingamwili za mtoto hazishuki. Nikaomba niende nyumbani siku ya kupika. Nikamkuta bibi uani anachoma vitumbua. Mchele umelowekwa usiku kucha, umesagwa na tui la nazi na iliki, hamira imefura vizuri, chombo kimenukia mpaka barabarani. Kitumbua ni cha mchele, nikakaa kwa amani. Kabla ya kuchota upawa wa kwanza, bibi akatia mkono kwenye kopo akatoa konzi ya unga mweupe, akakoroga. Nikamuuliza, ni nini hicho? "Ngano kidogo tu, mwanangu, vishikane." Kila asubuhi ya Ijumaa, kwa mapenzi yote.

Sikumgombeza. Nilimwomba aje kliniki, nikamwonyesha karatasi za damu moja baada ya moja, nambari zilizokataa kushuka. Alinyamaza muda. Sasa vitumbua vyake ni vya mchele mtupu, akizidisha kusaga ili rojo liwe laini na kulipatia muda wa kuumuka, na vinashikana. Mkate wa kumimina vilevile hauhitaji ngano. Ndiyo maana nasema bibi aende kliniki pamoja na mama, siku ile ile ya majibu. Akiambiwa na mkwewe tu, ataona ni maringo ya wasichana wa siku hizi.

Kuhusu lishe kwa jumla: kumwondolea ngano hakutoshi ikiwa anabaki na muhogo na wali mkavu. Mtoto huyu ameingia akiwa na upungufu. Anahitaji mayai, dagaa, maini, kunde, mchicha, matunda. Maziwa yanaweza kumvuruga mwanzoni, kwa sababu utumbo uliojeruhiwa hushindwa kusaga sukari yake. Usiyafute maishani mwake, punguza, kisha jaribu tena baada ya miezi kadhaa utumbo ukiwa umepona. Oti ziache kwanza, kwa sababu za madukani mara nyingi zimechanganyika na ngano, na uzizungumzie na daktari baadaye.

Skuli ni shida ya aina nyingine. Mwalimu aambiwe kwa maandishi, lakini mtoto mwenyewe ndiye mlinzi wa kweli. Hata wa miaka 4 anaweza kusema "mimi sili ngano, naumwa". Awe na kikopo chake cha kashata au bisi, ili siku mwenzake analeta keki ya kuzaliwa naye awe na kitu mkononi. Na akiiba biskuti, maana ataiba, usimchape. Ukimchapa atajificha, na hutajua tena anakula nini. Kwa ndugu zetu Wakatoliki, hostia, ule mkate wa komunyo, yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa na Kanisa, isiyo na gluteni kabisa hairuhusiwi, kwa hiyo zungumzeni na padri na daktari mapema kabla ya komunyo ya kwanza.

La mwisho, ndugu zake. Ugonjwa huu hutembea katika damu. Baba, mama, na watoto wengine wa nyumba hiyo wapimwe hata kama hawaumwi, hasa mwenye kisukari cha utotoni au asiyerefuka. Mtoto mwenyewe arudi kupimwa damu baada ya miezi 6, kisha kila mwaka, na kila akija apimwe uzito na urefu.

Haya, maswali. Naanza na bibi yule wa safu ya pili, ambaye tangu nitaje vitumbua ananitazama kwa jicho baya.