Blondi imegeuka njano? Itulize nyumbani na shampuu ya zambarau

Haya mashosti, karibuni tena saluni, tupo Mtwara, Shangani. Leo nina kichwa cha mdogo wangu huyu. Geuka wakuone. Mmeiona? Blondi yake ilikuwa imepoa vizuri, sasa imekuwa njano kama bibo! Sababu ni jua hili, kuogelea kila Jumapili, na kama kisima chenu kina chuma ndiyo kabisa.

Kwanza tazama rangi yako mchana, nje. Njano huzimwa na zambarau. Ikiwa imeelekea machungwa, tafuta shampuu ya bluu, maana hii ya zambarau utaimaliza chupa nzima bure. Na haing'arishi nywele, inatuliza rangi tu. Wanaotaka weupe zaidi, hiyo ni kazi ya blichi.

Osha na shampuu ya kawaida, suuza, futa maji na taulo. Mnajua, tusonge.

Vaa glovu. Taulo liwe jeusi, lile jeupe la wageni liache kabatini.

Sasa shampuu ya zambarau. Anza utosini palipokolea njano, shuka kisogoni. Pembeni na kwenye ncha paka mwisho kabisa. Nywele iliyochoshwa na blichi inakunywa rangi upesi. Mwisho, jamani! Halafu dakika 2 tu, mara ya kwanza. Usiende kugeuza samaki jikoni. Futa povu kidogo kwa kidole, uangalie, ndipo uamue kuongeza dakika.

Ngoja, ngoja, sogeza kamera. Hapa juu ya sikio, mnaona? Pameshaanza zambarau, na hata dakika 2 hazijaisha! Nipe kikopo. Nasuuza hapa peke yake, kwingine kuendelee... Haya, pametulia. Ndiyo maana nasema pembeni mwisho. Ikikushika kabisa usilie, osha na shampuu ya kawaida mara kadhaa, itapungua.

Suuza yote. Mimi napenda kanjano kidogo kabaki, ikiwa kijivu tupu naona inazima uso. Kondishena ni lazima, hizi shampuu zinakausha. Rudia mara moja kwa wiki, inatosha, na ukienda ufukweni jifunge kilemba.

Chupa ninazo, kubwa na ndogo, wa Lindi natuma kwa basi. Ila wewe uliyepaka blichi juu ya dawa ya kulainisha nywele, na nywele zinakatika, usinunue kwanza. Njoo nizione.