Risiti ya Saruji Siku ya Kuuza Nyumba

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Baba yangu mdogo aliuza nyumba yake ya Tabata. Aliijenga kidogo kidogo kwa miaka, kisha akaongeza ukuta, geti, kisima na vyumba viwili vya uani. Siku ya kukokotoa kodi akaulizwa karatasi ziko wapi. Alikuja na bahasha moja tu. Niliumia, maana pesa ile aliitoa kweli.

Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10, na haitozwi kwenye bei yote. Unachukua bei ya kuuzia, unatoa gharama, kinachobaki ndicho kinachotozwa. Na gharama, kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, haiishii kwenye kiwanja na ujenzi wa mwanzo. Maboresho yamo.

Tuhesabu pamoja. Kiwanja Mbezi milioni 30, ujenzi milioni 90. Baadaye ukuta, kisima na vyumba vya uani, milioni 50. Unauza milioni 200. Ukithibitisha yote, faida ni milioni 30, kodi milioni 3. Ukikosa karatasi za maboresho, faida inaonekana milioni 80, kodi milioni 8! Asiye na kumbukumbu yoyote hutozwa asilimia 3 ya bei, au ya thamani ya nyumba iliyoidhinishwa na serikali ikiwa kubwa zaidi. Hapo si chini ya milioni 6.

Tena kuna hili, na naomba mlishike. Nyumba uliyoimiliki mfululizo miaka 3 au zaidi, ukaishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, faida isipozidi milioni 15 haitozwi. Katika mfano wetu, marumaru na dari mpya za milioni 20 zenye ushahidi zinashusha faida hadi milioni 10.

Dukani dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Kwa fundi ndiko kwenye ugumu, kwa sababu wengi hawana risiti. Andikeni makubaliano: kazi gani, tarehe, kiasi, sahihi yake. Mlipe kwa simu au benki, muamala ubaki.

Na risiti za EFD zitoe kopi wiki hiyo hiyo, maana maandishi yake hufifia, hasa kwa joto letu hili. Ile bahasha ya baba mdogo ilikuwa na risiti za nondo na saruji. Tulipozitoa, nyingi zilikuwa karatasi nyeupe.