Kicheko Mezani, Maiti Sakafuni

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja tuzungumzie mzaha katika filamu za ujambazi, najua foleni ya Ubungo mmeiacha ilivyo.

Nianze na msiba. Wengi wenu mmemwona mtani akifanya vitu vyake. Shimo limeshachimbwa, mwili umefika, anatokea Mnyamwezi kwenye msiba wa Wazaramo, anajilaza kaburini na kusema hatoki mpaka apewe chake. Kule nyumbani mwenzake kavaa kanzu ya marehemu, anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kama yeye. Mjane anacheka. Halafu analia upya, tena zaidi ya mwanzo, maana ule mwendo umemrudishia mumewe kwa dakika moja.

Nasikia mara nyingi kwamba mzaha kwenye filamu za ujambazi unawekwa ili mtazamaji apumue. Sikubali. Mtani haji msibani kupumzisha watu. Anamleta marehemu karibu, na ndiyo kazi ninayoidai kwa mzaha wa filamu.

Chukueni Goodfellas ya Martin Scorsese, ya mwaka 1990. Yumo Tommy, jambazi mwenye maneno matamu. Joe Pesci alipata Oscar kwa kumwigiza. Anasimulia kisa mgahawani, meza nzima hoi. Henry, jambazi mwenzake, anamwambia, wewe unachekesha. Tommy anamkazia macho: nachekesha vipi? Kimya. Hapo nawe uliyekuwa unacheka hujui uufumbe mdomo au la. Kumbe ni utani, kicheko kinarudi. Mara mwenye mgahawa anamkumbusha Tommy deni lake, Tommy anampiga kichwani, na wenzake wanaendelea kucheka.

Lakini kwangu kilele ni Spider, kijana anayewahudumia wanapocheza karata. Tommy anampiga risasi ya mguu, eti mchezo. Siku nyingine Spider anarudi na bandeji, anachechemea, Tommy anamchokoza tena, na safari hii kijana anamjibu kwa tusi. Wanaume wanaangua kicheko. Jimmy, jambazi mwenzao, anamtuza Spider pesa kwa ujasiri wake, kisha anamtia Tommy maneno: utakubali? Nasi tunacheka, tumempenda yule mtoto kwa sentensi moja tu. Tommy anatoa bastola.

Msingecheka na Spider, msingemjua. Ndiyo maana kifo chake kinauma kuliko maiti ishirini za filamu zetu nyingi, zinazoanguka bila hata jina. Watafsiri wa vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea filamu mitaani, na nawaheshimu sana kwa kipaji chao, huzitania maiti hizo nazo hazipungukiwi kitu, kwa sababu mwandishi hakutupa mtu wa kumpoteza. Kosa si la mtafsiri. Ninyi mnaoandika, mpeni mtu wenu neno la kuchekesha lililo lake mwenyewe kabla hamjamuua.

Sasa naomba taa zizimwe, tuitazame hiyo ya Spider. Msimwangalie Tommy. Mwangalieni Jimmy baada ya risasi, anavyomfokea mwenzake kwamba yeye alikuwa anatania tu.