Herufi na Majirani Zake

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha, hamjambo.

Nimeingia Arua jana jioni kwa basi kutoka Kampala. Njia nzima, toka Bombo mpaka Pakwach, nilikuwa nikicheza mchezo ambao ndio umenileta mbele yenu. Gari likitupita, natazama namba yake. Zile namba tulizozizoea zina herufi tatu mwanzoni, na ya kwanza daima ni U. Nazichukua herufi zote tatu na kutafuta neno la Kiingereza lililo nazo kwa mpangilio huohuo, hata kama nyingine zimejipenyeza katikati. Ilipita UBG, nikapata "humbug". Likaja lori la mihogo, UBK: "unblock". UAX ndiyo iliyonitesa. Ilitupita Kafu, nikaibeba kichwani mpaka Karuma, pale nyani wanapokaa kando ya lami wakingoja ndizi za abiria, ndipo ikanijia: "surtax", yaani kodi ya nyongeza. Nilifurahi hata mama niliyekaa naye akaniuliza kama nimepata habari njema za nyumbani.

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na nimeona jinsi watoto wetu wanavyotafuta maneno. Mpe mtoto herufi sita amwambie mwenzake neno lililomo. Ataanza kupekua kumbukumbu yake, neno baada ya neno, kama mtu anayetafuta ufunguo kwa kumwaga mkoba wote chini. Anachoka upesi, kisha anajiambia kwamba Kiingereza si chake. Hili linaniuma sana, maana mtoto yule hakukosa akili. Hakuna aliyemwambia kwamba herufi zina majirani, na kwamba ukimjua jirani utaipata nyumba.

Chukueni U yenyewe. Ikikaa mwanzo wa neno la Kiingereza, mara nyingi ni "un", "up" au "under". Kwingine jificho lake ni katikati. X hupenda kumfuata E, au kufunga neno. H hukaa nyuma ya C, S, T, P na W. Mtu aliyeyashika haya hapekui tena ovyo.

Sisi tuna ugumu wetu, na tuutaje wazi. Kiswahili kimetuzoesha silabi zinazoishia kwa irabu: ma-ta-tu, ki-ta-bu. Kiganda nacho vivyo hivyo. Basi jicho letu linatafuta irabu kwanza, na zikiwa chache tunakwama. Kiingereza kinaweza kuzirundika konsonanti pasipo huruma: "strengths" ina herufi tisa na irabu moja tu, na "rhythm" haina hata moja kati ya zile tano. Kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi: usianze na irabu, anza na mafungu. Zitazame STR, TH, NG, CK, GHT kama vile unavyozitazama "mb" na "ng'" za kwetu, kitu kimoja kisichotenganishwa.

Sasa tazameni ubaoni. Nimeandika E, I, L, N, S, T. Nimezipanga kialfabeti makusudi, ili jicho lisishikwe na neno lolote. Anayeona neno? ... "Listen", vizuri. Na nyuma kule? "Silent", ndiyo. Wengi huishia hapo. Lakini ziondoeni E na N mziweke mbele kama kiambishi, kinachobaki ni "list": "enlist", kuandikisha jeshini. Wekeni I na N mbele, kinachobaki ni "lets": "inlets", vihori vya maji. Na mkiweka EL mwishoni, kama ilivyo katika "tunnel" na "camel", mnapata "tinsel", zile nyuzi zinazometameta za mapambo ya Krismasi. Maneno matano kwa herufi sita zilezile, na matatu ya mwisho tumeyapata kwa kukata ncha za neno, bila kubahatisha. Mpango huu wa kialfabeti ndio hata programu za kompyuta hutumia: herufi za kila neno zikipangwa hivyo, maneno ndugu hukutana mahali pamoja.

Aliyebuni Scrabble, ule mchezo wa kuchomoa vibao vya herufi mfukoni na kuunda maneno mezani, alianza kwa kuhesabu. Alfred Butts alikuwa mchora ramani za majengo Marekani, akakosa kazi wakati uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930. Alihesabu herufi magazetini ajue ipi inatumika sana. Ndiyo maana kati ya vibao 100 E ina 12, na Q ina kimoja tu.

Na hapo kwenye Q ndipo ninapotaka tukae kidogo. Vitabu vya shule vinasema Q haiendi popote bila U. Mchezaji akishika Q bila U anasikitika, anatamani kuirudisha mfukoni. Siku moja msichana mmoja darasani kwangu, mtoto wa Kinubi, jamii ya Waislamu wa hapa Uganda, alishika Q, A, D, I. Akaviweka mezani kwa utulivu: "qadi". Wenzake wakapiga kelele kwamba hakuna neno kama hilo. Tukafungua kamusi ya Collins, ile ya mashindano, na neno lilikuwamo. Nikamuuliza amelijuaje. Akasema, "Mwalimu, si ni kadhi?"

Tangu siku hiyo nafundisha Q kwa njia yake. Kibla ni "qibla". Talaka ni "talaq". Fakiri ni "faqir". Wakfu ni "waqf". Nikabu ni "niqab". Yote yamo katika kamusi hiyo, yote hayana U baada ya Q, na yote mtoto wa hapa Arua au Bombo ameyasikia nyumbani kabla hajaijua ABC. Kiswahili kiliyachukua kutoka Kiarabu, Kiingereza nacho kikayachukua. Vivyo hivyo "askari", "panga", "ngoma" na "shamba" yamo humo, yametoka kwetu yakaenda zao. Mzazi unayedhani nyumba yako haina la kumpa mwanao katika somo hili, nakuomba ulifikirie upya.

Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, Mwafrika wa kwanza. Mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa, naye Kifaransa hakukizungumza. Alizijua herufi na mipangilio yake, basi.

Muda wangu unakwisha. Kila mmoja ana kipande cha karatasi chenye A, D, E, G, N, R. Zitumieni zote sita. Mimi nayajua maneno manne: moja hupandwa maua, moja huandikwa penye nyaya za umeme, moja ni bata bukini dume, na la nne linaishia kwa ED. Vijana wa sakafuni, nyinyi muanze.